Katuni za Kijapani pale Kondele: bob 50 inalipa, lakini beba kitu ya kukalia

Wacha nianze na benchi ndio hiyo hasira iishe mapema. Ni ubao umelazwa juu ya mawe, hauna pa kuegemea, ukikaa masaa mawili mgongo unakuuliza kwani tulikosana wapi, na jirani yako akiinuka ghafla kwenda msalani nyinyi mliobaki mnateremka upande mmoja kama magunia ya mahindi. Nimeenda mara tano na nitarudi, kwa hivyo mjue kuna kitu ndani ya hiyo nyumba ya mabati.

Iko Kondele, hapa Kisumu, nyuma nyuma huko, haina bango. Mwambie tu mtu wa boda akupeleke pale wanaonyesha mechi. Kazi yao kubwa ni mpira, tusidanganyane, Jumamosi jioni hupati hata pa kusimama. Lakini Jumamosi na Jumapili kuanzia saa nane mchana, kabla mechi hazijaanza, wanaweka katuni za Kijapani, watoto bob 30, watu wazima 50, mtoto wa mgongoni halipi. Mechi ikiwa ya mapema katuni inasukumwa asubuhi na hakuna mtu anakuambia, hiyo nayo nilijua nikiwa mlangoni na watoto wameshavaa viatu vya kanisa.

Vile nilifika huko ni hivi, shule zilifungwa, dadangu akaniachia watoto wake wawili, msichana wa miaka 11 na kijana wa 7, bando yangu wakaimaliza siku ya pili, halafu wa jirani akawaambia kuna katuni mahali. Mimi katuni nilijua ni paka anafukuza panya. Nikabeba sweta niliyokuwa nafuma nikijua nitamaliza mkono mmoja nikiwangoja. Sindano sikushika.

Siku hiyo ilikuwa Spirited Away, ya 2001, ya mzee anaitwa Hayao Miyazaki. Kitoto cha kike cha miaka kumi, Chihiro, wanahama na wazazi wake, wanapotea njia, wanaingia mahali hakuna mtu ila chakula kimepangwa moto moto, wazazi wanakaa wanakula bila kuuliza ni cha nani, na wanageuka nguruwe. Mpwa wangu mdogo akaniangalia kwa jicho la pembeni, juu wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemkemea kwa kula kwa jirani bila kukaribishwa. Basi mtoto anabaki peke yake, kufika jioni mahali pote panajaa mizimu, inashuka kwa meli kuja kuoga. Ndio, kuoga. Kuna jumba kubwa la bafu ya mizimu, na mwenye jumba ni bibi mchawi, Yubaba, ana kichwa kikubwa kama mtungi, na ukitaka kazi kwake unasaini karatasi halafu anakunyang'anya jina.

Hapo ndio nilisahau sweta. Kwa maandishi ya Kijapani herufi moja inaweza kusomwa njia mbili. Jina Chihiro lina herufi mbili, ile ya kwanza maana yake ni elfu, na ikiwa peke yake inasomwa Sen. Huyo bibi anakamata zile herufi kwa mkono zinatoka kwa karatasi zikielea, anambakishia moja, anamwambia kuanzia leo wewe ni Sen. Na ukisahau jina lako la kwanza hurudi kwenu tena. Sasa wewe mwambie hivyo mtu amezaliwa huku kwetu Ujaluoni, mahali mtoto analia usiku kucha hadi wazee wanaanza kutaja majina ya waliokufa mmoja mmoja, na akifika lile lenyewe mtoto ananyamaza. Mimi mwenyewe jina nililo nalo nilipewa hivyo, dani, yaani nyanya yangu, alinisimulia. Nilikaa hapo kwa ubao nikawaza ningechukuliwa nusu ya jina ningebaki nani.

Sasa nieleze habari ya dijei, juu yeye ndio sababu ya kuandika yote haya. Muvi inachezwa kwa sauti ya Kijapani na subtaito za Kizungu, na watoto wa miaka saba hawasomi subtaito za Kizungu. Kwa hivyo kuna kijana anakaa kando ya skrini na maiki, anapunguza sauti, anasimulia yote kwa Kiswahili na Kijaluo kidogo, vile DJ Afro hufanya na muvi za kivita, sauti ya Yubaba anaifanya nzito, sauti ya mtoto anaifanya nyembamba, na akiona mmezubaa anatupa mzaha wa hapa hapa mtaani. Mwanzoni nilikasirika. Nikasema huyu anaharibu, anaongea kama mtu wa mnada.

Kisha nikaenda kusoma soma, na nikapata kitu kilinifunga mdomo. Sinema zilipofika Japani, wakati zilikuwa bubu bado, kulikuwa na watu kazi yao ni hiyo hiyo kabisa, wanaitwa benshi. Anasimama kando ya skrini, anasimulia, anafanya sauti za wote, mwanamume, mwanamke, mtoto. Walikuwa maarufu, watu walikuwa wanalipa kwenda kumskia benshi fulani hata kama muvi yenyewe si kitu, na Wajapani waliendelea na muvi bubu hadi miaka ya 1930 wakati kwingine zilikuwa tayari zinaongea. Tena miaka hiyo ya 1930 kulikuwa na hawa wengine wa kamishibai, mtu anakuja na baiskeli, nyuma amefunga kisanduku cha mbao, anagonga vijiti watoto wanakuja mbio, kwanza anawauzia peremende, akishauza ndio anafungua kisanduku anawaonyesha picha moja moja akisimulia hadithi, na inakatika mahali patamu ili kesho urudi. Jumapili iliyofuata nikamwambia huyo kijana, akiwa mlangoni na beseni yake ya njugu karanga anauzia watoto kabla ya shoo. Alicheka hadi njugu zikamwagika. Siku hizi akianza anajiita benshi wa Kondele.

Lakini bado anaongea sana, na hii ni lawama, si mapenzi. Miyazaki alipohojiwa na Roger Ebert mwaka 2002 alipiga makofi kadhaa akasema ule wakati katikati ya kofi na kofi unaitwa ma, yaani ule upenyo wa kimya, kwamba bila huo muvi ni pilkapilka tu. Na ni kweli muvi zake zimejaa mahali hakuna kitu kinafanyika, mtu ameketi anaangalia mvua, nyasi zinalala kwa upepo, basi. Dijei wetu akiona hivyo anaogopa watu watalala, anajaza. Mara moja tu nilimwona amenyamaza. Ni ile sehemu Chihiro anapanda treni inayopita juu ya maji, reli iko chini ya maji kidogo tu, abiria ni vivuli vyeusi na mabegi yao, nyumba moja peke yake kwa kisiwa, jioni inaingia. Aliweka maiki kwa goti. Mkaskia tu ule muziki na feni ya dari inagonga ta, ta, ta, na watu kama sitini hakuna hata mmoja amefungua mdomo. Mpwa wangu akaniuliza polepole, anti, hii ni treni ya Kisumu?

Sehemu watu walipiga kelele ni ile ya mzimu unaonuka. Linakuja dude kama rundo la matope, linanuka hadi wafanyakazi wanafunga madirisha na wali unaharibika, wote wanamsukumia yule mtoto mgeni ndio aoshe. Anaosha, anashika kitu kama mwiba ubavuni, wanafunga kamba, jumba zima linavuta, hoi hoi hoi, inatoka usukani wa baiskeli, baiskeli yote, halafu mabati, matairi, takataka ya miaka yote inamwagika sakafuni. Kumbe lilikuwa mto. Mto mkubwa, wa heshima, umetupiwa uchafu hadi haujulikani. Miyazaki alisema aliwahi kusaidia kusafisha mto na walivuta baiskeli hivyo hivyo. Sasa pale ndani mtu wa nyuma akapaza sauti, "Auji!" na watu wote wakaangua kicheko, juu kama unaishi Nyalenda unajua vile huo mto wetu umebeba. Kicheko kiliisha haraka kidogo.

Hiyo ya mito kuwa na mwenyewe ndio mzizi wa hizi muvi zote. Wajapani katika mila yao ya Shinto wana kitu wanaita kami, na watu hutafsiri mungu lakini si Mungu wa juu vile tunamuomba kanisani, ni kama mwenyeji wa mahali, mti mkubwa ana wake, mwamba, chemchemi, mlima. Wana msemo kwamba ni milioni nane, si kwamba kuna mtu alihesabu, maana yake tu ni wengi hawana mwisho. Mti wenye mwenyewe wanaufunga kamba nene ya majani ya mpunga, na unaiona kabisa kwa My Neighbor Totoro, ule mkafuri mkubwa karibu na nyumba umefungwa hiyo kamba, na baba anasimama mbele yake na watoto wake anainama anashukuru kwa kuwatunzia mtoto. Hakuna mtu anafafanua kwa muvi. Ni wewe ujue. Mtu ashawahi kusimama chini ya Kit Mikayi kule Seme, akaona mishumaa na watu wa makanisa wamepiga magoti kwa yale mawe, haelezwi mara mbili.

Dadangu ndio hakutaka kuelewa. Yeye ni mtu wa maombi ya usiku kucha, aliposkia watoto wanasimulia mizimu inaoga akanipigia simu saa nne usiku, "Unafundisha watoto wangu mapepo?" Nikamuuliza mbona Simbi Nyaima tulisimuliwa na dani tukiwa wadogo kama hawa na hatukupagawa. Ile ya bibi kizee mchafu alikuja kwa sherehe akafukuzwa, mama mmoja tu akamkaribisha, bibi akamwambia toka na watoto wako upesi, mvua ikaja kijiji kizima kikazama na sasa ni ziwa, liko hapo Kendu Bay unaenda na matatu. Mgeni ananuka unamkaribisha ama humkaribishi, hadithi ni ile ile, ya kwetu tu ndio haina mtu ameichora. Dada akasema hiyo ni tofauti. Tofauti hakunionyesha hadi leo.

Na kama unajiuliza kampuni iliyotengeneza hizi muvi jina lake linatoka wapi, Studio Ghibli, walianzisha 1985, huyo Miyazaki na mwenzake Isao Takahata na mtu wa kutafuta pesa Toshio Suzuki. Jina walitoa kwa ndege ya Kiitaliano ya zamani, na Waitaliano walikuwa wamelitoa Libya, ni upepo wa moto wa jangwani, na hao wa Libya walilitoa kwa neno ambalo mimi niliyekulia karibu na msikiti Kaloleni nalijua tangu utotoni, kibla. Yaani Mjapani amezunguka dunia nzima akaja kuchukua jina la kampuni yake Afrika. Ila wao wanalisema Jiburi, kwa hivyo ukimskia dijei anasema hivyo usimcheke, yuko sawa.

Sasa ile siku mbaya. Jumapili ya tatu dijei akatangaza mbili kwa bei ya moja. Ya kwanza ilikuwa Totoro, ile ya dude kubwa la manyoya la msituni, watoto walikuwa juu ya mabenchi wanaruka, lile basi la paka lenye miguu kumi na mbili lilipokuja na macho kama taa, mpwa wangu alilia kwa furaha, sijawahi ona. Tukapumzika dakika kumi. Halafu akaweka Grave of the Fireflies.

Kwa wenye hawajui, hiyo ni ya Takahata, ni kijana na dadake mdogo mji wa Kobe, 1945, mabomu ya moto yamechoma mtaa, mama amekufa, shangazi amewachoka, wanaenda kuishi kwa shimo kando ya bwawa na polepole wanakufa njaa. Mwanzo kabisa wa muvi unaambiwa yule kijana amekufa, kwa hivyo hakuna siri, unakaa tu unaangalia. Mtoto ana mkebe wa peremende za matunda, zikiisha kakake anatia maji anatikisa anywe utamu uliobaki. Imetoka kwa hadithi ya 1967 ya Akiyuki Nosaka, naye alipoteza mdogo wake kwa njaa wakati huo wa vita. Si ya watoto wa miaka saba Jumapili baada ya chapati. Kufika katikati kulikuwa na kilio ndani ya yale mabati, mama mmoja akanyanyua wake wawili kwa makwapa akatoka akimtukana dijei na ukoo wake wote, na mimi nilikuwa nyuma yake karibu.

Jambo la kushangaza ni kwamba dijei hakuwa amekosea vile tulidhani. Hizo muvi mbili zilitoka siku moja, Aprili 1988, na huko Japani zilionyeshwa pamoja, tiketi moja, wazazi wakaleta watoto waone hilo dude la manyoya wakapata na hiyo nyingine. Alikuwa amesoma hivyo mahali akataka tuzione vile walivyoziona wao. Nikamwambia ndugu yangu, hata wao pengine walitukanwa. Alijua ameharibu, alienda duka la mbele akarudi na pakiti ya peremende anagawa mlangoni kila mtoto moja, pole, pole sana, na mimi nikamwangalia nikawaza, huyu kweli, peremende? Mpwa wangu msichana alichukua yake akaiangalia tu. Njiani kwa tuktuk nikaona kakake mdogo anatafuna mbili.

Baada ya hapo ameweka ubao wa chaki mlangoni, anaandika muvi gani na ni ya umri gani. Nampa alama kwa hilo.

Iliyonimaliza mimi binafsi ni The Tale of the Princess Kaguya, ya 2013, ya Takahata tena. Imechorwa kama kwa brashi na maji, karatasi unaiona, hadi unadhani mtu anachora ukiwa hapo. Mzee mkata mianzi anapata mtoto mdogo kama kidole ndani ya mwanzi unaong'aa, baadaye anapata dhahabu ndani ya mianzi, anahamisha familia mjini, anamjengea binti jumba na kumtafutia wachumba wakubwa, na binti hataki, anataka tu shamba na nyasi, mwishowe watu wa mwezini wanakuja kumchukua kwao. Hadithi yenyewe ni ya zamani sana, karne ya kumi huko, Wajapani wanasema ndio hadithi ya nathari ya kale kuliko zote walizobaki nazo. Kabla aweke, dijei alisimulia hadithi yetu ya Nyamgondho. Mvuvi maskini wa Gwassi, nyavu yake inavuta bibi kizee badala ya samaki, anampeleka nyumbani kwa huruma, ng'ombe wanajaa boma, halafu siku moja analewa anamtusi, nilikutoa ziwani, na bibi anainuka anatembea kurudi majini na ng'ombe wote nyuma yake, naye anabaki pale ufuoni ameegemea fimbo hadi akawa mti. Mzee mmoja wa nyuma akasimama kupinga, kwamba dijei ameruka sehemu ya lango, lango lilikuwa limefungwa na wake walikataa kufungua ndio matusi yakaanza, wakabishana dakika kumi na hakuna mtu alitaka warudishiwe pesa. Muvi ilipofika pale watu wa mwezini wanashuka kwa wingu na ngoma yao ya furaha, na yule mzee mkata mianzi anaanguka anaomba msamaha, huyo huyo mzee wa nyuma nilimskia akisema peke yake, "Si alimwambia lakini." Mimi nilikuwa nalia vibaya, sioni.

Hapo pia ndio ubaya wa vifaa vyao ulionekana. Subtaito ni nyeupe, na kwa theluji nyeupe hausomi chochote, na dijei naye siku hiyo alikuwa na homa sauti haitoki. Skrini ni shuka, safi lakini imekunjamana pembe ya kushoto, kila mtu akipita huko uso unapinda. Stima ikipotea wana jenereta ila moshi unaingia ndani, mwenye kifua asikae karibu na mlango wa nyuma.

Wanauza pia kwa flashi, muvi moja bob 20. Niliwekewa Princess Mononoke ikakatika katikati, pale tu wale wanawake wa mji wa chuma wanakanyaga mivukuto kuyeyusha chuma, nikamrudishia akabadilisha bila maneno. Hiyo muvi ya 1997 ina picha kama 144,000 zilizochorwa kwa mkono, na inasemekana karibu 80,000 mzee alizishika mwenyewe kuzirekebisha, kwa hivyo kuuziwa nusu nikaona ni dhambi. Hizo flashi zenyewe zinatoka wapi sikuuliza na wewe unajua kwa nini. Kama una Netflix na bando ya kutosha, nyingi za Ghibli ziko huko tangu 2020, utaziona safi, kwa kiti chako, bila moshi. Ila hutapata mzee wa kubishana na dijei.

Nne kwa tano. Ile moja nimetoa juu ya benchi. Fika saa saba na nusu, ukae mstari wa tatu upande wa feni, na lipa kwa pesa ndogo ndogo maana till yao ya kulipia kwa simu huwa haishiki.